Maji ya Fedha na Maharage ya Mama Asha

Vijana wa maabara, sherehe ya kuniaga mliyonifanyia ilikuwa nzuri. Mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya zamani. Najua mlitarajia ukurasa mmoja wa nasaha na baraka. Nasaha sina. Nina habari za fedha iliyochemshwa, leza mgonjwa na profesa mwenye majivuno, na habari za mama mmoja wa Kinama aliyekaribia kuuawa kwa sababu ya sufuria ya maharage. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia taasisi mwaka mmoja kabla ya vita, nikitokea mtaa wa Buyenzi kwa miguu, nimevaa kitenge kipya, diploma yangu ya ufundi wa kemia imo kwenye bahasha. Nilidhani nitapewa koti jeupe. Nilipewa chupa za kuosha. Bosi wangu alikuwa Profesa Anselme, mtu mwembamba wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, tai shingoni hata siku za joto kali, aliyesoma Ubelgiji na asiyekuruhusu kulisahau hilo. Aliinua chupa niliyoiosha, akaielekeza dirishani.

"Hii umeosha?"

"Ndiyo, Profesa."

"Umeosha kwa macho ya nani?"

Akanionyesha ile asidi yake ya kuoshea, mchanganyiko unaoweza kuyeyusha pete ya ndoa, tena akaniambia nivue yangu. Sikuwa na pete. Alisema hiyo ni sifa nzuri kwa mtu wa koloidi. Wiki zangu za mwanzo zilikwisha nikiosha vitu vilivyokwisha kuoshwa, na nyumbani mama yangu akiuliza kama kweli nilisomea hilo.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi koloidi, yale maji ya fedha, mnaipokea kwenye kichupa chenye lebo. Sisi tulipika. Unachemsha maji safi kabisa, unatia nitrati ya fedha, halafu unadondosha sitrati polepole huku unakoroga. Mwanzoni huoni kitu. Kisha maji yanaingia umanjano kama juisi ya marakuja, lile tunda la pasheni, yanaendelea mpaka rangi ya kijanikijani yenye ukungu, na hapo unaondoa moto. Mle ndani mna chembe za fedha ndogo kiasi kwamba hazizami. Zinaelea tu, zimeshiba umeme na hazitaki kugusana.

Faida yake? Ukimulika molekuli kwa leza, sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na kila aina ya molekuli ina namna yake ya kuibadilisha. Ni kama sauti ya mtu, ukiijua huna haja ya kumwona. Taabu ni kwamba molekuli zinanong'ona. Chembe ya fedha ndiyo kipaza sauti chao. Molekuli ikijibandika pale, mnong'ono unakuwa adhana.

Lakini kipaza sauti kibovu kinakudanganya, kwa hiyo nusu ya kazi yetu, tena ile ngumu, ilikuwa kuijua koloidi kabla ya kuiamini. Tuliipitisha kwenye mashine ya kupima mwanga unaomezwa, tukatazama nundu inayochorwa. Nundu ikiwa nyembamba, chembe zinafanana. Ikiwa pana, kila chembe ina ukubwa wake na msimamo wake, kama mawaziri. Hadubini ya elektroni, ambayo ingetuonyesha chembe zenyewe, tulikuwa nayo kwenye katalogi.

Na kuna chumvi. Tone moja la maji ya chumvi linazisogeza chembe mbili mbili, tatu tatu, na sauti inapanda ajabu. Ukizidisha, zote zinakumbatiana, zinazama, na maji yanakuwa ya kijivu kama ya kuoshea vyombo. Profesa alisema hivyo ndivyo vyama vya siasa vinavyokufa. Alilisema kwa sauti ya chini, maana vita vilikuwa vimeshaanza.

Kuhusu vita mmesikia ya kutosha majumbani kwenu. Mimi nitasema tu jinsi vilivyoingia maabara. Kulikuwa na siku ambazo mji ulifungwa, hakuna anayetoka. Kulikuwa na asubuhi ambapo milio kutoka milimani ilitikisa meza, na kalamu ya mashine ikachora milima ambayo haikutoka kwenye molekuli yoyote. Mwenzetu wa mtaa wa Musaga alikuwa akipiga simu asubuhi kusema barabara imefungwa. Siku moja hakupiga, na hakuja tena. Kiti chake hatukumpa mtu.

Kisha vikaja vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, petroli ikawa ya kunong'onezwa kama bangi. Profesa Anselme akaanza kushuka kutoka Kiriri kwa miguu, tai ikiwa imelowa jasho, akinuka kama sisi wengine. Nitrati ya fedha ikaisha. Hakuna aliyekuwa tayari kutuletea kemikali inayoanza na neno "nitrati", ndugu ya baruti, kwenye nchi inayopigana.

Nikamwendea mjomba wangu Hamisi, fundi wa mapambo Buyenzi, aliyekuwa akitengeneza bangili za maharusi. Nikamwomba vipande vya fedha.

"Vya kufanyia nini?"

"Kuviyeyusha kwa asidi, mjomba."

"Astaghfirullah! Mi nachukua mwezi kutengeneza, we unataka kuyeyusha?"

"Ni kwa sayansi."

"Sayansi haiko na mukufu yake?"

Mwishowe akanipa bangili zilizovunjika na vikuku vya bibi mmoja marehemu, akaapa wallahi ni fedha tupu, haina hata chembe ya kitu kingine. Tulipoitia kwenye asidi, maji yakawa ya buluu kama anga la mwezi wa saba. Ilikuwa shaba, na si kidogo. Profesa aliitazama ile buluu akasema, "Mpe mjomba wako salamu zangu." Ikabidi tutumbukize kipande cha shaba ili kiivute fedha itoke kwenye maji, tuikusanye, tuioshe, tuiyeyushe upya, tuisafishe tena. Tulipata nitrati kidogo, na tulipopika, nundu ikatoka nyembamba. Nitrati iliyobaki tuliiweka kwenye chupa nyeusi, tukaitumia kwa ubahili.

Ilikuwa imebaki ya kupikia mara moja tu siku ambayo mjomba Hamisi aliingia maabara bila kubisha hodi, kofia mkononi, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge na mfuko wa maharage mabichi.

"Zaituni, watu wanataka kumuuwa Mama Asha."

Mama Asha alikuwa shemeji yake, mjane aliyekuwa akipika maharage na ndizi mtaa wa Kinama, kibandani mbele ya kabare, yaani baa ya mtaa. Wateja wake walikuwa wa pande mbili: wanywaji wa kabare, na mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, Waislamu karibu wote. Juzi yake watu walikula, kisha wakaanza kutapika. Wale wa kabare walizidiwa. Nyuso ziliwaiva, mioyo ikawaenda mbio, wengine wakaanguka palepale. Seremala mmoja kijana, Evariste, alifariki hospitalini asubuhi ile. Mafundi wa gereji waliumwa tumbo tu, wakarudi kazini.

"Sasa wanasema ametia sumu," mjomba alisema. "Wanasema amechagua mwenye kufa na mwenye kupona. Sufuria ni moja, Zaituni! Utachagua aje mu sufuria moja? Shefu wa kartie amemufungia ku biro yake. Amesema leo jioni atamuachia, kama hakuna mutu mwenye kuleta maneno ya kweli. Na watu wako inje wanamungojea."

Shefu wa kartie ndiye mkuu wa mtaa, na biro ndiyo ofisi yake. Mnajua mtaa ule ulikuwa namna gani miaka ile. Watu walikuwa wamekimbia, wamerudi, wamezikana. Neno "sumu" lilitosha kuwarudisha kwenye kuhesabu nani ni nani. Mama mmoja angeuawa jioni, na kesho yake usingejua nani anafuata.

Profesa alikataa kwanza. "Sisi si polisi. Na jibu lolote tutakalotoa, kuna mtu halitampendeza, na mtu huyo ana gruneti." Alikuwa na haki ya kuogopa. Nami niliogopa. Lakini akawa bado anauliza, maana hakuweza kuacha swali likae.

"Waliozidiwa ni wale waliokunywa bia?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, Profesa," mjomba alisema. "Bia ndiyo kazi yao."

Profesa akakaa. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bia, na nadhani hilo ndilo lililomfungua akili. "Kuna dawa," akasema, "wanayopewa walevi ili waache. Ukiinywa halafu uguse pombe, uso unawaka, moyo unakimbia, unajuta kuzaliwa. Dawa hiyo ina ndugu yake. Yule ndugu hawapewi watu. Hupakwa mbegu ili zisiote ukungu." Akamwaga yale maharage mabichi mezani, akachukua lenzi. Kwenye jicho la kila punje, pale linapoota chipukizi, palikuwa na uwaridi hafifu, kama rangi ya kucha iliyofutwa vibaya. "Haya si chakula. Haya ni mbegu. Mtu ameziosha rangi ya onyo."

Jina la dawa hiyo ni thiramu. Nayo, mungu wa maabara akipenda, inaipenda fedha kuliko maharusi wote wa Buyenzi. Ina salfa, na salfa haibanduki kwenye fedha. Kama kuna kitu koloidi yetu ingeweza kukisikia, ni hicho.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilipika koloidi ya mwisho juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, nje kwenye veranda, mjomba akipepea kwa jalada la ripoti ya mwaka. Sijawahi kukoroga kwa hofu kama ile. Upepo ukipuliza jivu moja mle ndani, kazi imekwisha. Maji yakakaa meupe muda mrefu mpaka nikaanza kumlaani yule bibi wa vikuku. Kisha yakaingia umanjano. Mjomba akasema, "Hii ndiyo fedha yangu?" Nikamwambia ndiyo. "Inafanana na mukojo." Nikamwambia pepea.

Profesa naye alikwenda kwa majirani zetu wa idara ya kilimo, akarudi na kichupa cha thiramu ndani ya soksi. Hakusema kama aliomba.

Mchuzi wa kwenye sufuria haukufaa. Tulijaribu tone moja, na kwa chumvi na mafuta yake koloidi ikageuka kijivu papo hapo. Kwa hiyo tukayasuuza maharage mabichi kwa asetoni, punje chache tu, tukaweka maji yale kando. Tukasuuza vilevile maharage masafi, niliyokuwa nayo kwenye mkoba nimenunua kwa ajili ya chakula cha jioni nyumbani. Na thiramu yenyewe, ili tujue sauti yake. Sampuli tatu. Bila yale maharage yangu masafi tusingekuwa na la kusema, maana mtu angeuliza: je, maharage yote si yanaimba hivyo?

Umeme ulirudi mchana. Nundu ikatoka nyembamba, nikaibusu karatasi. Tukawasha leza, ile nyekundu ya msaada iliyohitaji kubembelezwa kama mkwe. Maharage yangu: mstari tambarare, hapa na pale takataka. Thiramu: jino moja refu, limesimama peke yake, halikosewi. Tukaweka maharage ya Mama Asha, kalamu ikaanza kutembea polepole, ikakaribia mahali pa jino, na umeme ukakatika.

Profesa alitukana kwa Kifaransa, kisha, kwa mara ya kwanza nikimsikia, kwa Kirundi.

Jenereta ya taasisi ilikuwepo. Ililisha ofisi ya mkurugenzi, ambako siku hiyo kulikuwa na mkutano juu ya kubana matumizi, viyoyozi vikiwa vimewashwa. Profesa alikwenda kuomba, akajibiwa asubiri mkutano uishe. Mimi sikuwa na cheo cha kupoteza. Nilichukua waya mrefu, nikazunguka nyuma ya jengo, nikang'oa plagi yao, nikachomeka yetu. Kupitia dirisha nilisikia viyoyozi vikinyamaza na mtu mmoja akisema, "Vikwazo hivi!" Wakaendelea na mkutano wao kwa jasho. Hawajui mpaka leo, isipokuwa kama wanasoma hapa.

Kalamu ikaanza upya. Ikafika pale. Ikapanda. Jino lilisimama palepale, fupi kuliko la thiramu tupu, lakini ni lilelile. Mjomba Hamisi, ambaye hakujua hata anatazama nini, aliliona akaketi sakafuni akalia.

Kinama tulifika jua bado likiwa juu. Mbele ya ofisi ya shefu palikuwa na umati, wanaume kwa wanawake, wengine na fimbo, wengine na ule ukimya ulio mbaya kuliko fimbo. Ndugu za Evariste walikuwa mbele, na sikuweza kuwatazama usoni. Shefu alitoka, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Mama Asha akaletwa barazani, hana viatu, mtandio umechanika. Hakuwa akilia. Alikuwa akimtafuta mtu anayemjua.

Profesa akafungua karatasi zake, akaanza kueleza kwa Kifaransa habari za mtawanyiko wa mwanga. Umati ukaguna.

"We Profesa, sema Kiswahili! Hatuko ku shule hapa!"

Akanigeukia. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Nikainua karatasi ya jino.

"Ndugu zangu, Mama Asha hakuweka kitu mu sufuria. Maharage yenyewe yalikuwa mbegu ya kupanda, yamepakwa dawa, halafu mutu akaosha rangi. Dawa ile ikikutana na bia, inageuka moto mu mwili. Mafundi wa gereji walikula sawasawa na wengine. Nani hapa alianguka bila kunywa? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Mtu wa kabare, uso wake bado umevimba, akasema polepole, "Mi nilikunywa." Mwingine akasema, "Na mi." Mwanamke mmoja akamgeukia mumewe: "Uliniambia ulikuwa ku mazoezi ya kwaya!" Watu wachache wakacheka, na kicheko hicho, wallahi, ndicho kilichoanza kuzishusha fimbo.

Lakini kaka yake Evariste hakucheka. Alisogea mpaka barazani, akamwuliza Mama Asha, bila hasira, "Sasa hayo maharage ulitoa wapi, mama?"

Mama Asha akamtazama shefu. Akamtazama tena yule kijana.

"Nilinunua kwa bibi yake shefu. Mifuko ingine ingali kwake."

Sijapata kuona mtu akiipenda sayansi kwa haraka kama shefu. Mbegu zile zilikuwa msaada kwa watu waliofukuzwa mashambani, zikawekwa chini ya ulinzi wa shefu zigawiwe mvua ikinyesha, naye mkewe akawa anaziuza. Shefu akainua mikono. "Mumesikia! Wataalamu wamesema! Hakuna mwenye kosa, ni dawa tu. Mama aende kwake!" Akaichukua karatasi yetu, akaigonga muhuri bila hata kuisoma. Profesa, ambaye asubuhi alikuwa akiogopa gruneti, akamwambia kwa upole kwamba hataondoka bila ile mifuko mingine. Ikaletwa, mitano, mmoja umefunguliwa, mbegu zake bado waridi. Kaka yake Evariste alisaidia kuibeba. Hakusema neno kwa shefu siku ile. Baada ya muda shefu alihama mtaa, na sababu sikuuliza.

Wakati wa kurudi tuliwatanguliza mjomba na shemeji yake mpaka Buyenzi, mimi na Profesa tukafuata nyuma. Tulipokaribia mjini akaniuliza:

"Zaituni, kama lile jino lisingetokea, ungewaambia nini pale?"

"Ningewaambia limetokea."

"Mimi pia," akasema. "Ndiyo maana nimefurahi sana kwamba lilitokea."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote. Nimefundisha wengi wenu kwamba mashine ikinyamaza, nawe unyamaze, na nilikuwa nikisema kweli kila mara. Lakini siku ile sikuwa mtu wa mashine, na sijui kama ningetaka kuwa.

Mama Asha hakurudi Kinama. Alifungua jiko Buyenzi, akipikia harusi na misiba, na maharage aliyachambua punje kwa punje kwa miwani, hata wageni walipokuwa wakipiga sahani kwa vijiko. Risasi zilipopungua, Profesa aliandika makala juu ya koloidi yetu ya bangili, akaituma kwenye jarida moja la Ulaya. Ikarudi. Mhakiki aliandika kwamba matokeo yanavutia, ila chembe hazikuelezwa vya kutosha. Hakuna picha ya hadubini ya elektroni, na sampuli haikufuatiliwa kwa muda mrefu.

Profesa aliisoma barua ile mara mbili, akaazima kalamu yangu, akamjibu kwa mstari mmoja: sampuli iko hai, inapika Buyenzi, na anakaribishwa kuja kuifuatilia saa ya chakula.